Chujio la Mishumaa ya Kauri kwa Maji ya Nyoka, Kobe na Vinyonga: Tathmini Kutoka Arusha

Chujio ninalolitathmini hapa ni lile la ndoo mbili zinazobebana, lenye mishumaa miwili ya kauri (vichujio vyenye umbo la mshumaa) ndani ya ndoo ya juu na koki ya plastiki kwenye ndoo ya chini, ambalo huuzwa katika maduka mengi ya vyombo mjini Arusha kwa matumizi ya familia. Sisi tulilinunua kwa kazi nyingine: kuandaa maji ya kunywa ya nyoka, kobe na vinyonga katika bustani ndogo ya wanyamapori yenye kibali, nje kidogo ya mji, ambako kazi yangu ni kuwatunza wanyama hao. Tumelitumia tangu masika hadi kipupwe, na hukumu yangu ni kwamba ni kifaa kizuri kinachostahili bei yake ya chini kidogo ya shilingi laki moja, mradi mnunuzi aelewe mambo mawili ambayo muuzaji wetu hakuyasema. La kwanza ni kwamba haliondoi floraidi, madini yaliyoyeyuka katika maji ya eneo letu ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni kwamba haliwezi kuyalinda maji yakishamiminwa kwenye bakuli la mnyama, na kwa wanyama hawa bakuli ndilo linaloamua kama maji ni salama.

Nianze na kile ambacho chujio linakifanya vizuri. Wakati wa masika maji yetu ya bomba huja na rangi ya udongo, na simtanki lililo juu ya mnara hujikusanyia tope chini hata likifunikwa vizuri. Mshumaa wa kauri huzuia tope hilo lote, na kwa kuwa vitundu vyake ni vidogo kuliko mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), huzuia pia sehemu kubwa ya bakteria pamoja na vimelea vikubwa zaidi kama vile kriptosporidiamu, ambavyo mayai yake yana ukubwa wa takriban mikroni 4 hadi 6. Nakitaja kimelea hiki kwa jina kwa sababu kila anayetunza nyoka anapaswa kukiogopa: humfanya nyoka atapike chakula, tumbo livimbe na mwili ukonde, na hakuna tiba ya uhakika. Klorini ya kiwango cha kawaida haikiui. Hapo ndipo chujio linapoishinda dawa ya maji tunayonunua duka la dawa, ingawa virusi, kwa udogo wao, hupenya kwenye kauri. Hata hivyo, nyoka wengi huambukizwa kriptosporidiamu kutokana na kinyesi cha nyoka mwenzao, kwa njia ya bakuli, mikono ya mtunzaji au vifaa vya usafi vinavyozungushwa kutoka kizimba kimoja hadi kingine, kwa hiyo chujio hufunga mlango mmoja tu kati ya milango kadhaa.

Kuhusu klorini yenyewe, wasiwasi wa watunzaji wengi umepita kiasi. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini kwa kiwango kinachofaa binadamu hayamdhuru chatu wala kobe wa nchi kavu. Anayependa kuiondoa aache maji kwenye ndoo iliyo wazi, iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi tu kuzuia wadudu, kwa muda wa siku nzima, na klorini itaruka yenyewe. Mishumaa ya chujio letu ina mkaa ndani yake, nao hupunguza harufu ya klorini kwa kiasi ambacho mtu anakitambua akinusa maji ya ndoo ya juu na ya chini. Wanaotunza kobe wa majini wana sababu ya kuwa makini zaidi, kwa kuwa mnyama huyo huishi ndani ya maji hayo saa zote.

Sasa floraidi. Mtu aliyekulia Arumeru, chini ya Mlima Meru, hahitaji kuelezwa ni kitu gani. Meno ya kahawia ya ndugu na majirani yametufundisha tangu utotoni. Maji ya ardhini yanapopita katika miamba ya volkano ya Mlima Meru huyeyusha madini hayo na kuyabeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima vyetu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa; Tanzania, kwa kuzingatia hali ya mikoa kama huu wetu, ilivumilia hadi miligramu 4 kwa miaka mingi kabla ya kukishusha kikomo chake hadi hicho hicho cha 1.5. Upande wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki kuna vyanzo vinavyofahamika kuvuka viwango vyote viwili. Floraidi hujikusanya kwenye mifupa na meno kadiri miaka inavyokwenda, na kobe ni mnyama wa miaka mingi, ambaye anaweza kumzika mtunzaji wake. Sioni sababu ya kumnywesha kwa miongo kadhaa maji ambayo nisingempa mwanangu.

Muuzaji alituhakikishia, kwa nia njema naamini, kwamba chujio lake linaondoa kila kitu. Si kweli, na jambo hili liandikwe kwenye boksi. Floraidi imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi ilivyoyeyuka kwenye mchuzi, na kitundu cha kauri, hata kiwe kidogo namna gani, hakiwezi kuizuia. Mkaa wa kawaida ulio ndani ya mshumaa nao hausaidii kwa kiasi cha kutegemewa. Kuchemsha kunazidisha tatizo, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke huku floraidi ikibaki sufuriani. Kinachofanya kazi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao Kituo cha Utafiti wa Kuondoa Floraidi cha Ngurdoto kimeushughulikia kwa miaka mingi, na ambao ni lazima ubadilishwe ukishashiba. Mashine za osmosisi, zinazosukuma maji kwa nguvu kupitia utando laini, nazo huiondoa, ila bei yake ni nyingine kabisa. Lipo pia chujio la mchanga na nanoteknolojia lililobuniwa na Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa hapa Arusha, ambaye mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Ubora wa wazo lake ni kwamba chujio hutengenezwa kwa kufuata uchafu uliopo kwenye maji ya mahali husika, badala ya kudhani kwamba maji yote duniani ni mamoja.

Njia tuliyoichagua sisi ni rahisi zaidi, nayo ndiyo imenifanya nilipende chujio hili kuliko nilivyotarajia. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno, lakini yakipita juu ya paa la bati hubeba vumbi, majani na vinyesi vya ndege. Kwa hiyo tunaacha mvua ya kwanza ioshe paa na kumwagika, tunakinga inayofuata kwenye tangi lililofunikwa, na maji hayo ndiyo tunayoyapitisha kwenye kauri. Mvua hutuondolea floraidi na chujio linaondoa uchafu wa paa. Katika mpangilio huu kila kimoja kinafanya kazi kinayoiweza, na kobe wetu pamoja na vinyonga hawanywi maji mengine katika miezi ambayo tangi lina akiba. Wenzetu wa Moshi mjini, wanaopata maji ya chemchemi za Kilimanjaro, wana unafuu kuliko sisi, na kwao chujio pekee laweza kutosha.

Kifaa chenyewe kina kasoro zake. Koki ya plastiki ilianza kudondosha matone mapema, kwa sababu mpira wake ulikuwa mwembamba. Fundi bomba alituwekea mpira mzito zaidi na tatizo likaisha. Kasi ni ndogo: ndoo ya juu ikijazwa jioni huwa tayari asubuhi, na wakati wa tope kali huchelewa hata zaidi, mpaka mishumaa itolewe na kusuguliwa chini ya maji safi kwa brashi laini isiyotumika kwa kazi nyingine. Sabuni isitumike hapo, kwa kuwa kauri huinywa na kuirudisha kwenye maji. Kila unapousugua mshumaa unapungua unene, na ukiona ufa, hata ule mwembamba kama unywele, utupe bila kusita, kwani maji hupita kwenye ufa huo bila kuchujwa na hutaona tofauti yoyote kwa macho. Ndoo ya chini nayo ioshwe. Nimeshangaa kuona watu wakiusafisha mshumaa kwa bidii, kisha wakaacha utelezi wa kijani kwenye ndoo inayopokea maji yaliyochujwa.

Utelezi huo ndio unaonirudisha kwenye bakuli. Pitisha kidole ndani ya bakuli la nyoka ambalo limekaa siku mbili bila kuoshwa, hata kama maji yake yanaonekana maangavu kabisa, na utahisi kitu laini kinachoteleza kilichoshika kuta zote chini ya mstari wa maji. Hilo ni tabaka la bakteria waliojijengea makazi. Ukimwaga maji ya zamani na kuongeza mapya bila kusugua, umewaletea bakteria hao maji mapya ya kuzalia. Miongoni mwao mara nyingi wamo jamii ya Pseudomonas na Aeromonas, ambao hupatikana katika vidonda vya mdomo na maambukizi ya mapafu ya nyoka waliodhoofika. Watafiti wa Marekani walieleza mwaka 2012 jinsi nyoka wanavyokunywa: hawarambi kwa ulimi, bali mikunjo ya nyama laini kwenye taya la chini hufyonza maji, kisha misuli ikayasukuma kuelekea kooni. Mdomo unazama ndani ya maji na kutulia humo kwa muda, na chochote kilichomo huingia kwenye mikunjo hiyo hiyo.

Ndiyo maana nasema kwamba aliye na fedha ya kitu kimoja tu anunue kwanza mabakuli mazuri, mawili kwa kila mnyama, ili moja likiwa kizimbani lingine likauke juani. Bakuli linalofaa ni zito, lina kitako kipana na uso laini uliochomwa vizuri, mfano yale ya kauri nzito au ya chuma kisichoshika kutu. Plastiki nyepesi hupinduliwa na chatu mdogo kwa usiku mmoja, na mikwaruzo yake huwa maficho ya vijidudu. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kioo, ambacho kwa maji ya binadamu nakipenda sana kwa ubaridi wake, hakifai hapa, kwa kuwa vitundu vyake hunywa uchafu wa kinyesi na hakuna kusugua kutakakoutoa. Nyoka wengi hujisaidia ndani ya maji, na hilo likitokea bakuli huondolewa papo hapo, lisisubiri zamu ya usafi.

Kuosha kwenyewe tunakufanya kila siku kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto, kwa brashi ambayo ina namba ya kizimba chake. Mara moja kwa wiki, na kila panapoonekana kinyesi, bakuli lililokwisha kusuguliwa hulowekwa kwa dakika kumi katika sehemu moja ya jiki kwa sehemu thelathini za maji, kisha husuuzwa mpaka harufu iishe kabisa, na kuanikwa. Kusugua kutangulie, maana jiki haipenyi vizuri kwenye utelezi. Dawa za kuua vijidudu zenye fenoli au mafuta ya msonobari, zile ambazo ukizitia kwenye maji hugeuka meupe kama maziwa, zisikaribie kabisa chombo cha mnyama atambaaye, kwa sababu ni sumu kwake hata zikibaki kidogo. Naliona kosa hili mara nyingi, na wanaolifanya ni watu wasafi wanaowapenda wanyama wao.

Kiasi cha maji na mahali pa kuyaweka ni jambo ambalo hakuna chujio litakalolirekebisha. Bakuli la nyoka lijazwe nusu au zaidi kidogo, kwa sababu akijizungusha ndani yake maji hupanda na kumwagika, sakafu ikalowa, na nyoka anayelalia unyevunyevu hupata vidonda chini ya tumbo. Likae upande wa baridi wa kizimba, mbali na taa ya joto, kwani maji ya uvuguvugu yanayokaa mchana kutwa huchacha upesi. Upande mwingine, maji yaliyolala nje usiku wa Juni au Julai hapa Arusha, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, huwa baridi kupita kiasi, nasi huyaacha ndani mpaka yafikie joto la chumba kabla ya kuyagawa. Nyoka akianza kulala ndani ya maji kwa muda mrefu, kagua macho yake: yakiwa na ukungu, anajiandaa kujivua gamba, yakiwa maangavu, tazama katikati ya magamba na juu ya maji kama kuna vidoti vyeusi vinavyotembea, ambavyo ni utitiri.

Kwa chatu wetu wakubwa chujio hili limeshindwa, na ni haki lisilaumiwe. Chatu wa Afrika anaweza kuzidi urefu wa mita nne, anahitaji birika analoweza kuingia mwili mzima, na atakunywa humo humo hata ukimwekea bakuli pembeni. Kulijaza birika la aina hiyo kwa maji yaliyochujwa tone kwa tone ni kazi isiyowezekana. Hapo tunatumia maji ya bomba yaliyotuama, tunalimwaga birika lote na kulisugua, na tunaweka nguvu zetu kwenye ratiba ya usafi.

Kwa vinyonga, kinyume chake, chujio limefanya kazi ambayo nisingetaka kuikosa tena. Kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotulia kwenye chombo. Anaweza kukauka hadi kufa huku bakuli lililojaa likiwa chini yake. Hunywa matone yanayong'aa na kutikisika juu ya majani. Tunayanyunyiza majani asubuhi na jioni, na mchana tunaning'iniza chupa yenye mrija wa dripu kutoka duka la dawa, kikata-maji chake kikiwa kimerekebishwa ili tone lidondoke polepole kwenye jani moja lile lile, na kinyonga hulijia, hugeuza jicho moja kulitazama, kisha huanza kumeza huku koo likicheza. Mrija huo mwembamba huziba haraka kwa tope, na tangu tulipoanza kutumia maji yaliyochujwa haujaziba. Bomba la kunyunyizia liwe jipya na la kazi hiyo tu. Katika mkoa wenye bustani nyingi za mboga na maua kama huu, mabomba yaliyokwisha kubeba dawa za wadudu yapo kila nyumba, na hakuna kuosha kunakolifanya bomba la aina hiyo liwe salama kwa kinyonga.

Kobe tunamwekea sahani pana isiyo na kina, anayoweza kuikanyaga na kutoka bila kupinduka, na mara kwa mara tunamwogesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyovuka kidevu chake, kwa dakika kama ishirini. Humo hunywa kwa muda mrefu kichwa kikiwa kimeinama, na karibu kila mara hujisaidia, kwa hiyo maji hayo hayatumiki kwa kobe wa pili.

Maji machafu ya wanyama hawa yasimwagwe kwenye sinki la jikoni, na aliyeyagusa anawe mikono kwa sabuni. Wanyama watambaao wenye afya njema kabisa hubeba salmonela, bakteria wanaowaharisha watu, tumboni, na kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofikia takriban sentimita 10, baada ya watoto wengi kuugua. Ndoo za chujio la wanyama ziwekewe alama, zisichanganywe na za watu.

Ukilinganisha na kununua madumu ya maji ya dukani, chujio hurudisha gharama yake mapema kwa yeyote mwenye wanyama zaidi ya wawili watatu. Kwa mwenye nyoka mmoja mdogo, maji ya bomba yaliyochemshwa na kupoa pamoja na mabakuli mawili mazuri yatatosha, mradi awe anaishi mahali ambapo floraidi si tatizo, na awe na kibali, kwa sababu chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hakuna anayeruhusiwa kumweka chatu, kobe au kinyonga wa porini kwa hiari yake tu. Atakayeamua kununua afungue boksi dukani na kukagua kauri kwenye mwanga, ajaze maji na kuijaribu koki kabla ya kulipa, na achukue mishumaa ya akiba siku hiyo hiyo kutoka duka hilo hilo, kwa kuwa shingo za skrubu hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na mshumaa usiokaza vizuri huacha maji yapite pembeni bila kuchujwa.